Nani aliruhusu klasi hii irithiwe?

Wapagazi 24 kwa wageni wanne.

Kiongozi wa msafara alinipigia akiwa geti la Machame, Kilimanjaro, mvua inasikika mpaka kwenye simu. "Kaka, hii karatasi yenu ina wapagazi ishirini na wanne. Mimi wageni wangu ni wanne. Hawa wengine wanabeba nini?"

Karatasi ilikuwa imetoka kwenye programu yetu ya kupangia safari, ambayo kampuni yake inaitumia. Nilimwomba anisomee karatasi mstari kwa mstari. Majina yalikuwa sawa, tarehe sawa, njia sawa. Jumla ya uzito ndiyo iliyokuwa imevimba. Kampuni ilikuwa imeshawaita watu kufuatana na karatasi hiyo, na watu walikuwa wamekuja. Kumi na wawili kati yao waligeuza kurudi nyumbani asubuhi ile bila kazi, nauli ikiwa imetoka mifukoni mwao.

Chanzo tulikipata kabla ya saa sita mchana. Kilichonisumbua wiki zote zilizofuata ni kwamba nilipokiangalia, sikuona pa kuweka lawama.

## Kila mtu alikuwa sahihi

Mfumo wetu umeandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Ndani yake kuna klasi, yaani kipande cha programu chenye data na kazi zake, ya zamani inayoitwa `Mizigo`, inayotunza vifurushi vya safari yoyote, iwe ya Serengeti, Ngorongoro au mlimani. Ina methodi mbili (kazi zinazoitwa kwa jina) za kuingizia: `ongeza`, inayopokea kifurushi kimoja, na `ongezaWote`, inayopokea orodha nzima kwa mkupuo.

Mwenzetu anayeshughulikia upande wa Kilimanjaro alihitaji jumla ya kilo, maana mlimani kila kitu hupanda mizani. Akairithi `Mizigo`, yaani akaandika klasi mtoto, `MizigoYaMlima`, inayopata kila kilichomo kwa mzazi wake na inayoweza kukibadilisha, na humo akaziandika upya methodi zote mbili: kifurushi kikipita, kilo zake zinajumlishwa, kisha kazi inakabidhiwa kwa mzazi. Ikafanya kazi msimu hadi msimu, hakuna aliyelalamika.

Baadaye mwenzetu mwingine, anayetunza mfumo wa msingi, akaisafisha `Mizigo`. Zamani `ongezaWote` ilikuwa inamimina orodha moja kwa moja kwenye hifadhi yake ya ndani. Akagundua kwamba ukaguzi wa vifurushi uko ndani ya `ongeza` peke yake, kwa hiyo vilivyoingia kwa mkupuo vilikuwa vinapita bila kukaguliwa. Akaibadilisha `ongezaWote` iite `ongeza` kwa kila kifurushi. Ni mabadiliko mazuri, na yakiletwa mbele yangu leo nitayapitisha. Majaribio yote ya `Mizigo` yalifaulu.

Sasa zifuate kilo. `ongezaWote` ya mtoto inajumlisha 240, kisha inaita `ongezaWote` ya mzazi. Mzazi naye anaita `ongeza` kwa kila kifurushi. Lakini `ongeza` inayoitika hapo ni ya mtoto, kwa sababu objekti yenyewe, kile kitu kilichotengenezwa kutokana na klasi, ni ya mtoto. Nayo inajumlisha upya, kifurushi kimoja kimoja, mpaka inafika 480. Gawanya kwa kilo 20 ambazo kampuni ile humpangia kila mpagazi. Wanatoka watu 24 mahali pa 12.

Kikaoni tulipitia mstari baada ya mstari. Aliyerithi hakuvunja sheria yoyote ya lugha. Aliyesafisha hakugusa chochote kilichotangazwa nje: majina ya methodi yalibaki yaleyale, zinapokea kilekile, zinarudisha kilekile.

Hakuna mstari uliokuwa na kosa.

## Kimya kilichogeuka ruhusa

Joshua Bloch, aliyesanifu maktaba ya makusanyo ya Java, aliuonyesha mtego wa jamii hii mwaka 2001 kwa kutumia `HashSet`, klasi ya Java inayotunza vitu visivyojirudia. Methodi yake ya `addAll` huita `add` kwa ndani, kwa hiyo anayerithi ili ahesabu vitu vinavyoingia atavihesabu mara mbili. Ushauri aliotoa una pande mbili. Ama uisanifu klasi kwa ajili ya kurithiwa na uandike wazi ni methodi ipi inaita ipi kwa ndani, ama uzuie isirithiwe kabisa.

Upande wa kwanza tunaunukuu sana. Upande wa pili tunaupita haraka, na mimi nadhani ndio wenye uzito.

Ukiandika klasi ya Java bila kusema lolote, iko wazi kwa kila mtu. Neno `final`, linaloifunga, limekuwemo tangu mwanzo, ila unatakiwa ukumbuke kuliandika. Yaani mwandishi wa `Mizigo`, miaka ile, hakuwahi kukaa akaamua kwamba klasi yake irithiwe. Alinyamaza tu, na lugha ikahesabu kimya chake kuwa ruhusa. Kuanzia hapo, namna `ongezaWote` ilivyofanya kazi ndani kwa ndani ikawa ahadi kwa mtu ambaye hakumjua. Ni sawa na jirani kuegemeza paa lake kwenye ukuta wako wa nyuma bila kukuambia: siku unaubomoa ukuta wako mwenyewe, kwa sababu zako nzuri, nyumba yake inabaki wazi.

Lugha nyingine zilichagua tofauti. Waliounda C# waliamua methodi isiandikwe upya mpaka mwandishi wake aweke `virtual`. Kotlin, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2016, ilikwenda mbele zaidi: klasi imefungwa, methodi zimefungwa, mpaka uandike `open`. C++ ilikaa muda mrefu bila kufuli la aina hii, na `final` ikaja na toleo la 2011.

Na ukitaka kuona gharama ya ruhusa isiyofikiriwa, huhitaji kutoka nje ya Java. `Stack`, yaani rundo, inarithi `Vector`, yaani orodha, tangu toleo la kwanza la mwaka 1996. Rundo kazi yake ni kuweka juu na kutoa juu. Lakini kwa kuwa limerithi `Vector`, unaweza kuchomeka kitu katikati yake na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, isikuulize. Kila mtu anajua kwamba haikupaswa kuwa hivyo. Haiwezi kurekebishwa, kwa sababu misimbo ya dunia nzima imeshaegemea hapo.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye kikao kilichofuata na pendekezo moja: kuanzia sasa, kila klasi yetu iandikwe `final` mpaka mtu alete sababu ya kuifungua.

Nilidhani lingepita.

## Mlango wa wanyonge

Aliyelipinga ni binti mdogo kuliko wote ofisini. Hana maneno mengi, ila akisema ameshafikiri.

"Kaka, umesahau ile maktaba ya ankara?"

Sikuwa nimeisahau. Mteja wetu mmoja wa Arusha alitaka ankara za PDF, tukachukua maktaba ya bure iliyoandikwa nje. Ilikuwa nzuri kwa kila kitu isipokuwa tarehe, ambayo iliandikwa kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma. Kwa kampuni inayopokea wageni kwa tarehe, ankara ya namna hiyo ni ugomvi unaosubiri kutokea. Kurekebisha kungekuwa jambo la mistari michache: rithi klasi, andika upya methodi ya tarehe, basi. Lakini klasi ilikuwa `final`. Tukamwandikia mwenye maktaba, kwa heshima, na marekebisho yenyewe tukayaambatanisha. Hakujibu. Mteja anauliza ankara kila asubuhi.

Leseni iliruhusu, kwa hiyo tukanakili klasi nzima na jamaa zake zote tukaziingiza kwetu. Mpaka leo masasisho ya maktaba ile yanapitia mikononi mwa huyu binti, moja moja. Yeye ndiye anayelipa.

"Mwenye maktaba hakujui," alisema. "Hata jina la Moshi pengine hajalisikia. Kurithi ndio ulikuwa mlango wetu sisi tusiojulikana. Sasa na wewe unataka kuufunga?"

Ukumbi ukanyamaza, na mimi pia.

Nilichukua hoja yake nikaenda nayo nyumbani, na kadiri nilivyoizungusha ndivyo ilivyozidi kuwa na nguvu. Zana zenyewe tunazotegemea ziko upande wake. Spring, zana ya kujengea programu za Java, inapotaka kuzungushia klasi yako kazi za muamala au usalama, mara nyingi hutengeneza mtoto wa klasi hiyo wakati programu inaendeshwa. Ukiifunga, haina pa kupita. Kanuni za JPA, utaratibu wa Java wa kuhifadhi data, zinasema wazi kwamba klasi ya kuhifadhiwa kwenye hifadhidata isiwe `final`. Kotlin, pamoja na msimamo wake wote, ililazimika kuja na kiongezi cha kompaila kinachozifungua klasi kwa niaba ya Spring. Na Mockito, ambayo wengi wetu tunaitumia kutengeneza objekti bandia za majaribio, ilikuwa haiwezi kuigiza klasi iliyofungwa mpaka toleo la 2 mwaka 2016, tena kwa kuwasha kwa hiari. Ni toleo la 5, mwaka 2023, lililolifanya jambo hilo kuwa la kawaida.

Watu wenye akili wamehangaika miaka kupita kwenye milango ambayo watu wengine wenye akili wameifunga. Hilo lilinitia shaka kubwa. Je, kufunga ni ulinzi, au ni starehe ya anayeandika maktaba, asiyetaka kusumbuliwa na wanaoitumia?

Nilikaribia kuliondoa pendekezo langu.

## Anayepokea hesabu

Kilichonirudisha ni kufikiria upande ambao katika mabishano yetu haukuwa na msemaji.

Chukua `String` ya Java, klasi ya maandishi. Imefungwa, na sababu moja kubwa ni usalama. Programu inapokea jina la faili, inakagua kama mtumiaji anaruhusiwa, kisha inalifungua. Kama mtu angeweza kurithi `String` na kutengeneza mtoto anayejibu jina moja wakati wa ukaguzi na jina jingine wakati wa kufungua, ukaguzi wote ungekuwa kazi bure. Kufuli lile linamlinda anayeipokea `String` kutoka mikononi mwa asiyemjua. Mwandishi wake halimpunguzii usumbufu wowote.

`BigInteger`, klasi ya namba nzima kubwa, ni kinyume chake. Iliachwa wazi, kwa sababu wakati inaandikwa haikueleweka sana kwamba klasi ambayo objekti zake hazibadiliki inatakiwa pia isirithike. Kuifunga baadaye kungevunja misimbo ya watu. Kwa hiyo anayeipokea kutoka chanzo asichokiamini anatakiwa kwanza ahakikishe kwamba ni `BigInteger` yenyewe, si mtoto wake, na kama ana shaka atengeneze nakala. Mzigo wa tahadhari umehama kutoka kwa mmoja aliyeandika kwenda kwa maelfu wanaopokea.

Nikawaona tena wale kumi na wawili. Binti yule alikuwa amewatetea wanyonge, na alikuwa na haki, lakini aliyewatetea ni mnyonge anayeandika msimbo. Yuko na mwingine aliye chini zaidi, ambaye haandiki msimbo wowote, anayepokea tu karatasi iliyotoka kwenye hesabu na kuamka saa kumi usiku kuifuata.

Nilipomwambia hivyo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa kaka. Lakini mimi bado nina ankara zangu."

Ni kweli, bado anazo.

## Kuorodhesha watoto

Tulianza kukutana katikati kupitia jambo dogo ambalo hata halikuwa kwenye mjadala: ada za hifadhi. Mgeni anayepanda mlima hulipa kufuatana na kundi lake: asiye mkazi, mkazi, au raia wa Afrika Mashariki. Juu yake kuna umri, na VAT ya asilimia 18. Makundi hayo yanawekwa na mamlaka, hayaongezeki ovyo. Tangu Java 17, ya Septemba 2021, kuna njia ya kulisema hilo ndani ya msimbo:

```
public sealed interface Mgeni
    permits AsiyeMkazi, Mkazi, RaiaWaAfrikaMashariki {}
```

Hapa mlango haukufungwa wala haukuachwa wazi. Umeandikwa majina. Watoto ni hawa watatu, wanajulikana, na atakayetaka wa nne lazima aje hapa aandike jina lake mbele ya kila mtu.

Binti yule ndiye aliyefanya kazi hii, tena bila shauku. Akazihamisha hesabu zote za ada kwenye `switch`, sehemu ya msimbo inayochagua la kufanya kwa kila aina, ya namna mpya, ile ambayo tangu Java 21, ya Septemba 2023, kompaila inaweza kuikagua kama kila aina iliyoorodheshwa imeshughulikiwa. Kisha kampuni moja ikaomba tutenganishe watoto wa shule wanaokuja kwa makundi. Akaongeza jina la nne kwenye orodha, akakompaili.

Kompaila ikakataa. Ikamtajia kila mahali ambapo kundi jipya halijashughulikiwa: ukokotoaji wa ada, karatasi ya getini, na moduli ya ankara za marejesho ambayo aliyeiandika alishahama kazi na hakuna kati yetu aliyekuwa akiikumbuka.

Aliniita nije kuangalia. "Hii ya marejesho nisingeijua," alisema, akiwa ameshika kidole kwenye kioo. Mgeni wa kundi jipya angekatisha safari, angerudishiwa hela ya kundi lisilo lake, na tungejua baada ya barua ya malalamiko.

Kuanzia hapo tuliacha kubishana kama klasi ifungwe au isifungwe. Tukawa tunauliza: watoto wa klasi hii tunawajua? Kama tunawajua, tuwaandike. Kama hatuwajui na hatutawajua, kwa sababu wako kwa watu wengine, basi tuwape kitu cha kushika ambacho tumekitengeneza kwa makusudi.

## Tulivyoifanya `Mizigo`

`Mizigo` sasa ni `final`. `MizigoYaMlima` haiirithi tena. Inaibeba ndani yake, na zote mbili zinatimiza intafesi moja, yaani orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo. Kifurushi kikija, `MizigoYaMlima` inajumlisha kilo kisha inakipeleka kwa ile ya ndani. Ile ya ndani ikitaka kuita `ongeza` yake mara mia, inaita ya kwake. Kilo 240 zinabaki 240, na aliyesafisha mfumo wa msingi anaweza kuusafisha tena kesho bila kumwuliza mtu wa mlimani.

Ushauri wa kubeba badala ya kurithi ni wa zamani. Wale waandishi wanne wa kitabu cha vielelezo vya usanifu, *Design Patterns*, waliutoa mwaka 1994. Una gharama yake: kila methodi ya intafesi lazima uiandike na kuipeleka ndani kwa mkono, na kwa klasi pana hiyo ni kazi ya kuchosha macho. Kotlin inaifanya kwa neno moja, `by`, na hilo naliona wivu kila wiki.

Kuna jambo hapa ambalo vitabuni nililikuta limepitwa juu juu. Kanuni ya mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov, aliyoieleza kwenye hotuba ya mwaka 1987 kisha akaiandika kwa ukamilifu na Jeannette Wing mwaka 1994, inasema kwa ufupi kwamba mtoto aweze kukaa mahali pa mzazi bila anayemtumia kushtuka. Nilijiuliza kama `MizigoYaMlima` iliivunja. Haikuivunja. Popote palipotaka `Mizigo`, ilikaa vizuri. Kanuni ile inamlinda anayetumia klasi dhidi ya mtoto mbaya. Haimlindi mtoto mwema dhidi ya mzazi anayebadilika. Kwa hilo la pili lugha ina kufuli tu, na adabu ya anayeandika.

Na adabu hiyo hatuifundishi. Vyuoni mwanafunzi hukutana na urithi wiki za mwanzo: `Mnyama`, halafu `Mbwa`, halafu `Paka`, na kila mtoto anaandika upya `toaSauti`. Ni somo linalopendeza. `final` huja baadaye kama swali la mtihani, lieleze kwa alama mbili. Ningekuwa nafundisha, ningewapa wanafunzi `Mnyama` aliyeandikwa na mtu mwingine, kisha nimbadilishe ndani kwa ndani wiki ya tatu.

## `Njia`

Imebaki klasi moja tunayobishania, `Njia`. Mimi nilitaka iorodheshwe kama makundi ya wageni: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na nyingine zinazojulikana. Njia za Kilimanjaro hazichipui kila msimu.

Yeye akasema hapana. Makampuni yanaunganisha: wanapandia upande mmoja, wanazunguka kaskazini, wanaongeza siku ya kuzoea hali ya hewa, kisha wanaiuza kwa jina lao. Marangu wageni hulala kwenye vibanda, kwingine kwenye mahema, na mpangilio huo unagusa ada. Kila kampuni inayotumia mfumo wetu itataka `Njia` yake, na hatutakuwepo kuwasaidia. "Tukiwaorodheshea," alisema, "tutawafanyia kile tulichofanyiwa na yule wa ankara."

Nikamwambia basi aifungue kwa masharti. Akaenda akakaa nayo. Alichorudisha ni ukurasa mzima wa maelezo juu ya klasi yenye methodi chache: ipi unaweza kuiandika upya, ipi imefungwa, ipi inaita ipi na kwa mpangilio gani, na kitu gani hatutakibadilisha bila kupandisha namba ya toleo. Pembeni ameweka jaribio ambalo ndani yake kuna mtoto wa uongo wa `Njia`, anayerithi kama atakavyorithi mtu wa nje, ili mmoja wetu akigusa mambo ya ndani jaribio hilo lianguke kwetu kabla ya kuanguka getini.

Niliusoma ukurasa ule mara mbili. Nilimwomba abadilishe sentensi moja, kuhusu siku za ziada, kisha nikaupitisha. `Njia` imekwenda kwa wateja ikiwa wazi.